Feni ya Tanuri

Kwa miaka ishirini na sita kazi yangu kiwandani imekuwa mikanda ya feni, na wenzangu wananiita Mzee Mikanda. Kwa hiyo binti yangu alipotandika mezani mchoro wa feni mpya ya tanuri la kukaushia mbao, nikaona haina mkanda hata mmoja, damu ilinichemka. Gurudumu la feni lilifungwa moja kwa moja kwenye shafti ya mota. Mtoto niliyemsomesha mpaka akawa mhandisi, leo ananifungashia virago.

Nyumbani nilikula huku nimeinamia sahani, yeye naye kimya, mpaka mama yake akatuuliza kama tumekuwa mabubu.

Siku ya tatu niliuangalia tena ule mchoro, safari hii kwa jicho la fundi, si la baba aliyenuna. Hewa ya tanuri inaunguza. Ikipita kwenye gurudumu, joto litatambaa kwenye shafti mpaka ndani ya mota, na beringi hazitamaliza mwezi. Mota ya feni kama ile inatakiwa ikae mbali, na pale tulipobanana, pasipo nafasi ya kurefusha shafti, njia iliyobaki ni mkanda.

Hapo nikakwama. Nikisema, ataona natetea kibarua changu. Nikinyamaza, mota itaungua na jina lake litaungua nayo. Nakiri nilifikiria kunyamaza, kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai. Kisha nikajionea aibu, nikaenda ofisini kwake, nikamwonyesha kwa kidole njia ya joto.

Nilitegemea abishe, maana ana kichwa kigumu na amekirithi kwangu. Badala yake machozi yakamtoka.

"Nilijua, baba," alisema. "Nilijidanganya kwamba tukiongeza kipoza joto itatosha."

"Kwa nini ujidanganye?"

Akanishika mkono wa kulia, ule wenye vidole vitatu. "Nilikuwa darasa la nne ulipoletwa nyumbani umefungwa bandeji. Mpaka leo simu ikilia saa za kazi nashtuka. Nilitaka usiguse mkanda tena."

Nilimpenda saa ile kuliko siku aliyozaliwa, na nikamwambia hivyo hivyo. Tukachora upya pamoja: mota chini sakafuni, pembeni mwa feni, juu ya reli za kuisogeza ili kukaza mkanda, nao mkanda ndani ya kifuniko cha chuma. Tulibishana kuhusu upana wa kifuniko, akanishinda.

Feni ilipokwisha kufungwa, alisema mkanda wa kwanza ataukaza mwenyewe. Nilizima umeme, nikapiga kufuli kwenye swichi, ufunguo nikautia mfukoni. Akaondoa kifuniko, akaweka kidole gumba juu ya mkanda kupima unavyobonyea, kama nilivyomfundisha. Vidole vyake ni vyembamba kama vya mama yake.

"Toa mkono," nikasema.

"Baba, umeme umeuzima wewe mwenyewe. Na ufunguo unao."

Niliupapasa ufunguo mfukoni, ulikuwepo. Moyo ulinienda mbio vilevile.

"Najua," nikasema. "Utoe tu, mwanangu, nipumue kwanza."

Hakucheka. Aliutoa, akaningoja mpaka nilipopumua, ndipo akaurudisha.