Farasi Aliyesimama Kila Mlango

Epifania hakuwahi kupanda hata baiskeli, na sasa alikuwa juu ya farasi. Mikono yote miwili ilikuwa imeng'ang'ania nywele za shingo ya farasi, na macho ameyafumba.

"Fumbua macho, binti," alisema Polikarp, mtunza farasi wa misheni. "Huyu hana haraka na mtu. Miaka kumi na miwili alimbeba padri mzee, Mungu amrehemu, akienda kutazama wagonjwa mlango kwa mlango. Tunamwita Taratibu."

Vijana wawili wa chama walicheka. Wao walikuwa wamepewa farasi wenye mori.

Farasi walikuwa sita, wote wa kuazima, na msafara wenyewe ulikuwa mpango wa Andwele, bwana maendeleo aliyetoka Mbeya. Kijiji cha Epifania kilikuwa kimejenga chumba cha wazazi, cha kujifungulia, kwa matofali ya kuchoma. Kuta zilikuwa zimekwisha, paa hakuna. Misheni ilikuwa na bati, ila shule yake ya bweni ilikuwa haina maharage. Wakaelewana: magunia sita ya maharage, bati zitoke. Andwele akasema watu wa vijiji vya jirani wakiona farasi sita kwa mstari watafurahi, na mtu aliyefurahi hutoa. Mbali na Silvana, mkunga, wanawake wakatakiwa watoe mmoja wao. Kristiana akamtaja mdogo wake, Epifania, kabla hajapata nafasi ya kujificha nyuma ya watu.

"Mimi shule niliishia darasa la tatu, dada. Nitasema nini?"

"Nani kakwambia useme? Kaa tu juu," Kristiana alisema, mkono ukiwa tumboni.

Tumbo lilikuwa la miezi saba. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa juu ya machela, katikati ya mvua, kabla hawajafika Sumbawanga, na hakulia. Nyumbani hawakulitaja jambo hilo. Lakini mvua zilikuwa zimebakiza wiki tano kuanza, na kila mtu alizihesabu kimoyomoyo.

Waliondoka asubuhi. Nyasi zilikuwa zimekauka hadi upeo wa macho, upepo wa baridi unazilaza upande mmoja. Epifania alianza kuufurahia mwendo ule, hata akaachia mkono mmoja. Ndipo wakaingia kijiji cha kwanza, kimojawapo cha vile vijiji vipya vya ujamaa vya kando ya barabara, na Taratibu akatoka kwenye mstari, akaenda hadi mlango wa nyumba ya kwanza, akasimama.

Alimvuta hatamu. Alimgusa kwa visigino. Farasi alikuwa kama amepandwa pale.

Mlangoni alikaa mzee mmoja akipepeta ulezi. Epifania aliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Kuwa juu ya mtu mzima, mlangoni kwake, ukimtazama utosini! Akateleza chini, akaangukia makalio, akainuka, akapiga magoti. Akakunja viganja na kupiga makofi ya polepole, akasalimia kwa Kifipa: ameamkaje, nyumba ikoje, shamba, miguu. Mzee akajibu yote, na kila jibu na makofi yake. Walipomaliza, wenzake walikuwa wameshafika uwanjani, na Polikarp alilazimika kurudi ili amsaidie kupanda.

Hatua kumi mbele, nyumba ya pili. Taratibu akasimama.

Kwenye nyumba ya nne Andwele alirudi mbio.

"Ndugu Epifania! Tumekuja kuomba hisani au kusalimiana?"

"Hatembei, Ndugu Andwele," alisema akizitazama kwato.

"Basi akisimama, salimia ukiwa hapo hapo juu. Shikamoo moja tu, inatosha."

Aliitikia kwa kichwa. Kwenye nyumba ya tano akashuka tena.

Uwanjani Andwele alihutubia vizuri, sauti yake inafika mbali kutoka juu ya farasi. Watu wachache walimsikiliza kwa adabu, wakatoa nusu debe la maharage. Kijiji cha pili kilikuwa kibaya zaidi. Milango ilifungwa wakiwa bado mbali, na hata watoto waliokimbilia kutazama farasi waliitwa ndani kwa ukali. Hadi jua linaanza kuteremka, gunia moja lilikuwa halijajaa.

"Farasi huyu anatuchelewesha," Andwele alisema. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka. "Ndugu Epifania, rudi naye nyumbani. Sisi tutajaribu kijiji cha tatu."

Epifania aliona akilini tumbo la Kristiana, na kuta zile zisizo na paa. Aligeuza hatamu. Taratibu akatembea hadi nyumba ya mwisho ya kijiji, akasimama.

Alikuwapo bibi aitwaye Bertilla. Mlango wake haukufungwa kwa sababu magoti yalimuuma, hakuufikia mapema. Epifania akapiga magoti, akasalimia.

"Huyo si farasi wa padri?" Bertilla aliuliza salamu zilipokwisha. "Na hao wenzako, wanaandika majina?"

"Wanaomba maharage, bibi. Tupate bati za chumba cha wazazi."

"Maharage tu? Hawahamishi watu?"

"Hapana, bibi."

Bertilla alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mwaka jana walikuja juu ya magari, wakatupungia mikono, shikamooni wazee! Jioni nyumba zetu za kule bondeni hazina mapaa, tukahamishiwa huku barabarani. Leo tumewaona juu ya farasi, tukasema haya, sasa watatufuata hata pasipo na barabara. Maharage ya kijiji kizima yamefukiwa kwenye matuta, mwanangu, chini ya majani!"

Epifania alimwacha farasi pale pale akakimbia. Alipomfikia Andwele, alimshikia farasi hatamu.

"Shuka," alisema.

"Nini?"

"Ndugu Andwele, shuka chini. Wanadhani tumekuja kuwahamisha."

Mwaka jana, Andwele mwenyewe alikuwa kwenye mojawapo ya magari yale. Silvana, mkunga, alishuka wa kwanza. Halafu Andwele akashuka, akatembea hadi mlangoni kwa Bertilla, akapiga magoti, akapiga makofi: pa-pa-pa! Pa-pa-pa!

"He! Mwanangu, hapa si mkutanoni," Bertilla alisema. "Kunja viganja. Polepole. Kama umeshika yai."

Akarudia. Akakosea. Ndani ya nyumba ya jirani mtu alicheka kwa sauti, mlango ukafunguka, na wa pili, na watu wakatoka kumwona bwana maendeleo akifundishwa kusalimia. Baadaye wakaenda kwenye matuta na majembe.

Jua la jioni liliwakuta njiani wakirudi kwa miguu, kila farasi na gunia lake. Taratibu alisimama kila mlango, na wote sita walipiga magoti kusalimia. Magoti ya suruali ya Andwele yalikuwa mekundu kwa vumbi.

Kristiana alikuwa amesimama nje. "Kumbe ulikwenda kwa farasi ili urudi kwa miguu?"

"Farasi wamebeba paa," Epifania alisema.

Taratibu akasimama mbele ya mlango. Wote sita, bila kuambiwa, wakashuka kwa magoti kusalimia.

"Inukeni jamani, mimi siwezi kushuka kuwajibu," Kristiana alisema huku anacheka, akawapigia makofi ya polepole, viganja vyake vikiwa juu ya tumbo.