Shahidi Aliyempa Mtuhumiwa Kisogo

Barabara ya kutoka Masoko kwenda Tukuyu haina huruma na baiskeli. Mtu akitoka nayo chini kwenda mjini haiendeshi, anaisindikiza. Anaikokota mlima mmoja, anapumua, anaikokota mwingine, na mikungu ya ndizi imekaa juu ya karia kama bibi harusi. Mahali pamoja tu, kabla ya daraja dogo, barabara inajisahau na kuteremka. Hapo kila mtu hurukia baiskeli yake, upepo unampiga usoni, na kwa kitambo kifupi anajiona naye ana chombo cha usafiri.

Hapo ndipo Koplo Hashimu alipopanga kuwakamatia.

Koplo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amehamishiwa Rungwe karibuni kutoka Tanga, na kwao baiskeli huendeshwa. Mjini alikuta semina ya usalama barabarani ikimngoja, yenye chai na sambusa, na ajenda ilikuwa ajali. Madereva wa malori walialikwa, hawakuja. Bodaboda nao walialikwa, wakasema wana kazi, na kweli walionekana dirishani wakipita na abiria watatu watatu. Waliofika ni wenye baiskeli, tena mapema, wamenawa na miguu. Basi ikaamuliwa kwamba ajali zitapungua wenye baiskeli wakifuata sheria: kengele, breki mbili, rifleta nyuma na helmeti kichwani. Asiyekuwa navyo, baiskeli yake inapakiwa kwenye gari na kulala kituoni hadi atakapovipata.

Mzee Anyosisye, mkulima wa migomba na mzee wa kanisa, alisimama na kutoa hoja. Alisema watu wa huku hawaogopi kulipa, wanaogopa aibu. Kwa hiyo baiskeli isichukuliwe mpaka mjumbe wa kamati amtazame mkosaji uso kwa uso, amuulize yeye ni mtoto wa nani, kisha amshauri. Watu walipiga makofi. Wakamfanya yeye mjumbe wa kwanza, wakamvika kizibao cha njano kinachong'aa, na mkuu wa semina akatangaza kwa kipaza sauti kwamba kuanzia leo kizibao ndicho mjumbe: aliyekivaa asikilizwe, asiyekivaa ni raia kama raia wengine. Jumapili iliyofuata mzee alikivaa kanisani juu ya koti. Umeme ulipokatika wanakwaya waliendelea kuimba kwa kumwangalia yeye.

Sasa, siku ya kwanza ya operesheni ilikwenda vibaya. Wenye baiskeli walikuwa wakimwona Koplo kutoka juu ya kilima, nguo nyeupe pee kwenye ukungu, basi wanashuka na kuzikokota baiskeli kuteremka. Asubuhi nzima watu wazima wenye miguu na breki waliteremsha baiskeli kwa mkono, polepole, kama wanaosindikiza mgonjwa. Koplo akajaribu kuwabana. Wakamjibu kwa upole kwamba anayekokota baiskeli ni mtembea kwa miguu, na yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha hivyo kwenye semina. Hapohapo bodaboda akapita na mama, mtoto, godoro na mbuzi, akapiga honi kusalimia. Koplo akamwitikia kwa mkono. Operesheni ilikuwa ya baiskeli.

Ndipo Tulia alipotokea, na hakushuka kwenye baiskeli.

Tulia alikuwa na sababu. Kina mama wafugaji wa kijijini kwao walikuwa wamempa kazi ya kupeleka maziwa mjini, kwa majaribio, baada ya maneno mengi. Kabla yake kazi ilikuwa ya Ezron, naye alikuwa amesema hadharani kwamba mwanamke hawezi kuwahi gari la maziwa, kwamba siku yoyote lingemwacha, na siku hiyo arudishiwe njia yake. Kina mama wakakubali iwe hivyo. Na asubuhi ile mtoto wa Tulia, Alinanuswe, alikuwa amemng'ang'ania kanga akitaka kunyonya tena, na mama gani humtoa mtoto ziwani kwa ajili ya gari? Alimwacha na bibi yake akiwa amechelewa. Kwa hiyo kilima kile alikishuka akiwa juu ya baiskeli, madumu yakigongana nyuma, macho yakitafuta daraja tu. Baiskeli yake haikuwa na kengele.

Alikuwa amelikaribia kabisa daraja pale mtu aliyesimama pembeni mwake alipokohoa.

Kwa mtu mwingine kikohozi ni kikohozi. Kwa Tulia kilikuwa amri. Yeye ni mke wa Jacob, mwana wa pili wa Mzee Anyosisye, na kwa Wanyakyusa wanaoshika mila mkamwana na baba mkwe hawaonani. Wengi wa mjini wameacha, hata mchungaji amesema kuacha si dhambi. Mzee hakuacha. Miaka minne wameishi boma moja, maji wanachota bomba moja, na hajui sura ya mkamwana wake. Akifika kwenye kona ya nyumba hukohoa, Tulia hupotea. Mwanzoni Tulia alikuwa akicheka peke yake jikoni. Baadaye aligundua kwamba heshima hii haikumwelemea peke yake, mzee naye alikuwa anabeba upande wake. Alishakijua kikohozi chake cha kutoka shamba, cha njaa, na cha kukasirishwa na redio. Siku mtoto alipopata homa na mvua ikanyesha, alimkuta mzee amesimama njiani, amempa mgongo, mkono umenyooka nyuma umeshika mwamvuli ili auchukue. Aliuchukua.

Basi kikohozi kile cha darajani, ambacho mzee anaapa mpaka leo kilitokana na ukungu, kilimfanya Tulia akate kona bila kufikiri. Baiskeli ikaingia mgombani, yeye juu yake, na migomba ikampokea.

Koplo alimkuta amesimama, jani la mgomba kichwani, akishika vifuniko vya madumu. Maziwa hayakumwagika. Koplo alifurahi mpaka akasahau kukunja uso. Akamsomea makosa: hana kengele, hana helmeti, na amemkimbia askari. Akampandisha barabarani na kumsimamisha nyuma ya mjumbe wa kamati, ambaye wakati huo alikuwa anautazama mto kwa makini sana.

"Mzee, mkosaji huyu hapa. Mtazame umshauri, nipakie baiskeli."

"Sioni mtu," alisema Mzee Anyosisye.

"Yuko nyuma yako."

"Ndiyo maana simwoni."

Koplo alimzunguka mzee kwa mbele, mzee akazunguka naye. Ilibidi Hasina, mama muuza chai na chapati wa pale darajani, aache birika lake aje kueleza. Ukoo wake ulitoka pwani zamani na Koplo alimwamini kwa lafudhi. Akamwambia huyu binti hakumkimbia yeye hata kidogo, amemkimbia baba mkwe, na watu hawa wawili hata wakikaa hapa mpaka Krismasi hawataangaliana.

Koplo aliuliza kama yupo mjumbe mwingine. Akaambiwa wa pili yuko Makandana, alikwenda hospitali kutibiwa jino. Koplo akapendekeza Tulia ageuke, mzee amtazame mgongo. Mzee akakumbusha kwamba semina ilisema uso kwa uso. Basi Tulia ajifunike kanga. Hapo uso utakuwa wapi, mzee akauliza. Koplo, jasho likianza kumtoka katika baridi ile, akaleta wazo la mwisho: mzee amtazame kupitia kioo cha pikipiki ya kituo. Mzee akafikiri kwa haki kabisa, akasema kioo nacho ni jicho.

Lakini alikubali kumhoji, kwa kuwa kuhoji si kuona. Koplo akawa mpeleka maneno kati ya watu ambao hatua za kuwatenganisha hazikuzidi urefu wa baiskeli.

"Mwulize yule mtu kama basikeli yake ina kengele," alisema mzee.

"Una kengele?" Koplo akamgeukia Tulia.

Tulia aliinamisha uso, kwa adabu na pia kwa kuwa alikuwa anajizuia kucheka na kulia kwa pamoja. Alikuwa analifuatilia gari la maziwa kichwani, sasa linafunguliwa, sasa linapakia. "Mwambie sina. Nyumbani kwetu anayekuja hukohoa."

Koplo akaugeukia mto. "Anasema hana. Kwenu mnakohoa."

"Hilo ni kweli," mzee alisema.

Nyuma yao msururu ulikuwa umejaa mpaka juu ya kilima. Watu walikuwa wamesimamisha baiskeli zao kuangalia, na wa kwanza kabisa mstarini alikuwa Ezron mwenyewe, akitazama jua badala ya saa na kutabasamu. Simu ya Koplo ikaita. Mkubwa wake alitaka kujua operesheni imekamata wangapi.

"Mmoja, afande. Ila bado hajaonekana."

Sauti ya mkubwa ikasikika mpaka kwa wauza chapati ikiuliza mtu ambaye hajaonekana amekamatwaje. Koplo alisogea pembeni kueleza mila, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuomba radhi.

Aliporudi, uso wake ulikuwa umekuwa wa kiserikali zaidi. Alisema kwa maelekezo kutoka juu baiskeli itapakiwa, maziwa yakiwa juu yake, na mila itajadiliwa kituoni. Akashika usukani. Tulia hakuuachia. Aliushika tu, kama mwanawe alivyoshika kanga asubuhi.

Mzee Anyosisye akakohoa. Halafu, bila kugeuka, alianza kufungua kizibao. Alikivua taratibu, akakikunja, akakinyoosha nyuma kwa mkono mmoja, vilevile alivyonyoosha mwamvuli.

"Koplo. Mwambie yule mtu akivae."

Tulia alikichukua kabla Koplo hajafikisha ujumbe. Kilimfika magotini.

"Sasa mimi ni raia," mzee aliendelea, akiutazama mto. "Mjumbe ni kizibao, tulitangaziwa. Mwulize mjumbe wako kama mkosaji anashaurika."

Koplo alimtazama Tulia aliyekuwa mkosaji, na sasa ni mjumbe, na alionekana kama mtu anayetafuta ukurasa usiokuwamo. Hasina alikwishaelewa. Alikuwa anaigeuza pikipiki ya kituo ili kioo kimwelekee Tulia vizuri.

Tulia akajitazama uso kwa uso. Akaona jani la mgomba kichwani, akaliondoa. Akajiuliza kwa sauti yeye ni mtoto wa nani, akajijibu kwamba ni mtoto aliyeolewa katika nyumba njema. Akajishauri kutafuta kengele.

"Ameshaurika," alimwambia Koplo. "Anaomba aende."

Walioamua ni watu wale waliosimama mstarini, kwa sababu walicheka kwanza kisha wakaanza kumsukuma Tulia na baiskeli yake. Koplo alipiga filimbi, na kwa mazoea ya kazi mkono wake mwingine ukaashiria pita. Mlima uliofuata Tulia hakuupanda peke yake. Mikono ilikuwa nyuma ya karia, na mmoja wa walioisukuma baiskeli alikuwa Ezron, ambaye alieleza baadaye kwamba asingeisukuma yeye angezuia msururu.

Gari la maziwa walilikuta mjini limesimama. Dereva alilalamika kwamba asubuhi ile, kwa msururu wa darajani, hakuna hata tone lililopanda kutoka Masoko, na hangeweza kuondoka na tangi tupu. Maziwa ya Tulia yalikuwa ya kwanza kumiminwa.

Operesheni ilihamishiwa penye tambarare. Kwa kuwa wilaya haina tambarare ya kutosha, bado wanaitafuta. Kizibao hakikurudishwa, maana wa kukidai angepaswa kumwandikia mjumbe, na mjumbe ndiye aliyekivaa.

Jioni ile, Tulia akiwa amempakata Alinanuswe jikoni, alisikia kwenye kona ya nyumba kitu kigeni: kriing, kriing. Akajificha nyuma ya mlango. Mtoto akachungulia na kucheka. Alikuwa babu yake, anapita na kengele mkononi, amegeuza uso kuelekea shambani, akiijaribu.

Asubuhi Tulia aliikuta imefungwa kwenye usukani wa baiskeli yake, skrubu zimekazwa, imepakwa mafuta. Na pale kwenye kona, nje, mtu akakohoa.