Utomvu wa Papai Bichi

Luka alinikanyaga ngumi kwa katambuga yake ya tairi, akauzungusha unyayo kama anayezima kipande cha sigara. Nilisikia kidole changu cha mwisho kikilia kama kijiti kikavu. Damu ya puani ilikuwa imenijaa mdomoni, nikaitema kwenye vumbi la uwanja wangu mwenyewe.

"Fungua ngumi, shemeji," alisema. "Dole tu. Sitaki kingine."

Marehemu mume wangu, Matonya, alikuwa na miezi minane kaburini, na Luka alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Daftari la kijiji lilikuwa na jina langu, Dorkasi, kwenye shamba la ekari mbili na kisima chake, huku Nzuguni. Mtumishi mmoja wa wizara alitaka kulinunua kwa Luka ajenge nyumba, lakini aligoma kulichukua bila dole langu kwenye karatasi ya mauzo. Nilishakataa mara tatu. Shamba lile ndilo lililotulisha, mimi na binti yangu Erica, na sikuwa na pengine pa kwenda.

Lilikuwa shamba la mipapai. Miaka ile ya ruksa, kila mtu akiuza na kununua anachojua mwenyewe, alitokea Ludovick na pikapu, akitafuta utomvu wa papai bichi. Asubuhi, kabla jua halijakaza, mimi na wenzangu wa kijijini tulichanja mapapai yakiwa mtini kwa wembe, tukakinga maziwa yale meupe kwenye beseni na kuyaanika. Glavu aliahidi, hazikuja. Baada ya mwezi ngozi ya vidole ilianza kubanduka. Baada ya miezi mitatu ncha zake zikawa nyekundu, laini, zinang'aa, na kushika kikombe cha chai ilikuwa adhabu.

Nilimuuliza kinachotula ni nini.

"Ni kimeng'enya, mama Erica. Kazi yake kukata protini. Nyama ni protini, na ngozi vilevile. Hata tumboni mwako vimo vya namna hiyo, ndivyo vinavyoyeyusha nyama unayokula."

"Na tumbo lenyewe mbona halijili?"

"Lina ute wa kujikinga. Vidole havina."

Alisema huku anacheka. Nilimchukia siku ile, na kesho yake nikachanja tena, maana Erica lazima ale.

Luka hakujua lolote kati ya hayo. Hakuwahi kuuliza nafanya nini na mapapai, wala hakunishika mkono kunisalimia tangu siku ya msiba.

Alinipiga teke la mbavu, ngumi ikafunguka yenyewe. Alilipaka dole langu wino wa mhuri, akaligandamiza kwenye karatasi. Likatoka doa. Akagandamiza tena, doa. Alidhani nalitelezesha makusudi, akanishika nywele na kunibamiza paji la uso kwenye jiwe la kusagia, mara mbili, kisha akajaribu tena. Nakala ya kwanza ikachafuka kabisa. Ilibaki moja. Kwa jicho lililokuwa bado linaona, nilimwona akiichuchumalia karibu na kizingiti, kanipa mgongo. Alipoinuka, dole lake lilikuwa la buluu. Aliondoka akipiga mluzi.

Baraza lilikaa siku ya nne, ofisi ya kijiji. Luka alisema nilitia dole kwa hiari, na kwamba uso ulivimba kwa kuanguka nikiwa nimelewa. Karatasi ikapita mkono kwa mkono. Ilipofika kwangu niliiona alama: mistari imepinda vizuri, mmoja ndani ya mwingine. Nilitaka kucheka, mdomo uliopasuka ukanizuia.

"Shikamoo mwenyekiti," nilisema. "Naomba wino."

"Marahaba. Wa nini tena?" aliuliza Mzee Yahaya.

Nilitia madole yote mawili, kisha vidole saba vilivyobaki vizima. Madoa tisa yakajipanga mezani mbele ya wajumbe, hayana mstari hata mmoja.

Mzee Yahaya aliyalinganisha na alama ya karatasini, akamgeukia Luka. "Na wewe tia."

Luka alirudi nyuma. Mgambo mmoja akamkandamiza shingo mezani, mwingine akamkunjua kidole kwa nguvu mpaka akapiga yowe. Mistari ikatoka, imepinda vilevile. Karatasi ya mauzo ikachanwa pale pale.

Akiwa anatolewa nje, alinipita karibu. "Ngozi huota, shemeji," alisema. "Nitasubiri."

Nilimwamini.

Ludovick hakurudi mwaka uliofuata. Wenzangu walikata mipapai yao wakapanda mtama. Mimi niliacha miwili kando ya kisima, na kila juma nilichanja papai moja, nikaliweka dole la kulia kwenye mchirizi mpaka liwake moto. Siku nyingine nililia. Erica alinifundisha kuandika jina langu, lakini sikuliamini. Jina mtu yeyote anaweza kuliandika.

Nilifanya hivyo miaka kumi na mmoja. Luka alikufa kwenye mnada wa Msalato, kapigwa rungu la kichwa kwa ugomvi wa ndama. Nilikwenda kumzika kama inavyompasa shemeji, nikatupia udongo wangu. Niliporudi, niliikata ile mipapai miwili kwa shoka.

Miezi miwili baadaye, nikichambua mchele kibarazani, niliona mstari wa kwanza kwenye dole langu, mwembamba, umepinda kidogo. Nilimaliza ule mchele kwa mkono wa kushoto. Wa kulia niliufumba ngumi.