Kula Mchana wa Ramadhani

Kipande cha samaki aina ya changu kilikuwa kimeshaingia mdomoni mwa Kidawa, kikinukia tangawizi, mlango wa jiko uliposukumwa. Ilikuwa saa sita mchana, mwezi ishirini na saba Ramadhani, na aliyesimama kizingitini alikuwa Bi Biasha, mama mkwe wake. Nyuma yake alikuwapo Likwata, mumewe Kidawa, karani wa boma, kofia mkononi.

"Unakula," alisema Bi Biasha. Hakuwa anauliza.

Kidawa akameza.

Kivinje nzima ilijua kwamba Kidawa hakuwahi kuwa na siku za kulipa. Miaka sita ya ndoa alifunga kila Ramadhani bila kukatiza hata siku moja, na wanawake wenzake, ambao baada ya Idi hulipa siku zao za hedhi, walimsifu kwa mdomo huku wakimtazama tumbo. Hedhi yake ilikuja ilipotaka, pengine mara mbili kwa mwaka. Kidevuni zilimwota ndevu chache, naye alizinyoa kwa siri kila Ijumaa. Mwaka huu Bi Biasha hakuzunguka: "Ukifunga zote tena, Idi ikipita naenda Somanga kumposea mwanangu mke mwingine."

Daktari Mwingereza kule Lindi alimwambia kwamba vifuko vyake vya mayai vimejaa uvimbe mdogomdogo. Dawa ya uhakika hana; apunguze mwili, aache sukari, na wali uwe kidogo. Kidawa alirudi amenuna, kwani wali wa nazi aliupenda kuliko baadhi ya ndugu zake, wala simlaumu. Aliyemwokoa ni Bi Meilan, mke wa Mchina anayenunua majongoo bahari, ambaye Kidawa humsaidia kuyakausha. Siku moja alimpa samaki aliyeiva kwa mvuke, na tangawizi, vitunguu vya majani na mchuzi mweusi wa soya. Kidawa alilamba vidole. Tangu hapo, miezi saba sasa, hupeleka chungu chake mwenyewe na mafuta yake ya ufuta, akarudi nacho kimejaa. Nguo zilianza kumlegea, na hakuwahi kulala na njaa.

"Tena chakula cha Mchina!" Bi Biasha alisema. "Kina nguruwe?"

"Hakina, mama. Chungu ni changu, ufuta umetoka kwetu Rutamba."

"Na saumu?"

Kidawa alimtupia jicho Likwata. Jambo lile halisemwi mbele ya mwanamume. Likwata, mtu mwema lakini mzito wa kuelewa, alibaki pale pale akingoja jibu.

Bi Biasha aliliona jicho lile. "Nenda msikitini," alimwambia mwanawe bila kugeuka. "Wataadhini sasa hivi."

Likwata alipoondoka, mama mkwe akafunga mlango. "Tangu lini?"

"Tangu alfajiri."

"Mtu anaweza kula tu, akasema hivyo."

Zamani Kidawa angelia, angeomba radhi kwa kosa asilolijua. Leo alikasirika, na hasira ile ikamnyoosha mgongo.

"Kitambaa nimekiloweka uani, kwenye beseni. Nenda katazame, mama. Mimi namalizia chakula changu."

Bi Biasha akatoka. Kidawa alisikia ndara zake zikiburuzwa uani, kisha zikasimama. Akatia tonge jingine mdomoni, akatafuna bila kuonja kitu. Ndara zilikawia sana kurudi.

Mama mkwe aliingia, akaketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi.

"Damu si mtoto," alisema.

"Najua si mtoto, mama."

"Utakuwa na siku ngapi za kulipa?"

"Tatu. Au nne, mwezi ukichelewa kuandama."

Bi Biasha akainamia chungu, akanusa tangawizi, akameza mate, kisha akakifunika upesi maana yeye alikuwa amefunga.

"Mimi hufunga sita za Mfunguo Mosi, Idi ikipita," alisema. "Nitakuamsha daku, ulipe zako."