Jiwe la Kwa Mama Dobi

Asubuhi hiyo Mpelelezi, binti wa Mama Dobi, alikuwa anapiga pasi kola ya shati la muuza nyama, anajitahidi asiliangalie jiwe. Lilikuwa limekaa mahali pake, kando ya ndala za mama yake, karibu na beseni la kusuuzia, linatoa joto kama mkate uliotoka kuokwa. Jana yake alikuwa amelitupa mtaroni kwa mkono wake mwenyewe. Lilirudi usiku na, kama kawaida, halikuchafua sakafu.

"Limerudi," alisema.

"Kwani lilikuwa limehama?" mama yake akajibu huku anakamua shuka. "Angalia hiyo kola usije ukaiunguza. Huyo Bucha ana mdomo."

Ndani ya kola kulikuwa na mshono mdogo wa uzi mwekundu. Ndiyo ilikuwa alama ya Bucha. Mama Dobi hakuwa mtu wa karatasi. Kila nguo aliitia uzi wa rangi yake, na mteja akapewa kipande cha uzi uleule ajifunge kidoleni. Akija kuchukua, anaonyesha kidole, uzi unalinganishwa na kola, wanaachana kwa amani. Hajawahi kumpa mtu nguo isiyo yake, na mtaa mzima ulimheshimu kwa hilo.

Mtaa huohuo ulikuwa na mawe. Yalianza kurudi siku iliyofuata baada ya kijana wa shati kuuawa kwa mawe. Kila aliyerusha, lake lilimfuata mpaka mlangoni. Mwanzoni watu waliyatupa mtoni, wengine chooni, na jirani mmoja alilipakia lake kwenye lori la mchanga linaloenda mbali. Kulipokucha yalikuwa yamerudi yote, ya moto kidogo. Basi wakayazoea. Muuza nyama alizuia mlango wa bucha kwa lake usipigwe na upepo. Mwalimu mstaafu alilipaka chokaa akaliweka kwenye maua. Fundi baiskeli alipata mawili, akasema afadhali, moja lisingetosha kuegeshea baiskeli. Sajenti wa kituo, ambaye siku ile alikuwa likizo na alipita tu, alilitumia kukandamiza makaratasi. Karatasi ya juu ilisema kijana aliuawa na wananchi wenye hasira kali, ambao bado hawajajulikana.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Kijana mgeni aliingia uani kwa Mama Dobi mchana kweupe, akaanua shati kwenye kamba. Mama Dobi akapiga kelele za mwizi. Mtaa ukaja.

Kwa Mama Dobi lilikuja jiwe moja, na hakuna aliyeuliza ni la nani. Kaka yake Mpelelezi alikimbia siku ileile bila kuaga, na sasa alikuwa anapakia mizigo katika mji mwingine. Mtu hakimbii bure, watu walisema. Kakimbia, kamwachia mama yake jiwe. Mpelelezi siku hiyo alikuwa chuoni, kwa hiyo hata hesabu ilikuwa rahisi.

Tangu utotoni alikuwa mtu wa kwa nini. Sukari ikipungua, wenzake walitaka kujua nani kachota. Yeye alitaka kujua huyo aliyechota alikuwa anawaza nini wakati kijiko kinaingia. Ndiyo wakamwita Mpelelezi, na ndiyo maana chuoni alichagua kusomea uhalifu. Mama yake aliwaambia wateja kwamba binti anasomea uaskari, maana hiyo ilikuwa rahisi kueleza. Binti mwenyewe alikuwa na haya. Darasani alikaa nyuma kabisa, mkono haunyanyuki. Lakini swali moja halikumpa usingizi: mtu wa kawaida, kanywa chai yake asubuhi, kasalimia majirani, inakuwaje mchana anafanya jambo kama lile?

Mhadhiri alichora duara ubaoni. Ndani akaandika umaskini, malezi, makundi mabaya.

"Mhalifu yeyote mtakayemtafuta," alisema, "mtamkuta humu ndani."

Mpelelezi akamweka kaka yake humo, na kaka yake akaenea vizuri. Hakuwa na kazi ya kueleweka, baba alikufa yeye akiwa mdogo, na alikuwa na marafiki wa kushinda kona. Akaandika zoezi zima juu yake bila kutaja jina. Mhadhiri alilisoma mbele ya darasa, akasema huyu binti ana jicho. Nyumbani alimsomea mama yake, naye akasikiliza mpaka mwisho, pasi haikusimama, akasema, "Umeandika vizuri, mwanangu."

Wiki hiyo kaka yake alipiga simu. Hakupokea. Alimwandikia: "Mimi nasomea watu kama wewe. Usinipigie tena."

Kaka akajibu: "Sawa mdogo wangu. Msalimie mama."

Tangu hapo kimya.

Shati lilipokuwa tayari, Mpelelezi alilipeleka bucha. Muuza nyama alikuwa anakatakata mbavu, jiwe lake limeshikilia mlango.

"Mpelelezi! Umekuja kunikamata?"

"Nimeleta shati."

"Afadhali. Maana na mikono yenyewe hii unavyoiona, ningefungwa bila kesi." Akacheka mwenyewe, akafuta vidole, akaonyesha uzi wake mwekundu ingawa hakuna aliyeuomba. "Umesikia ya fundi baiskeli?"

"Sijasikia."

"Kahama. Kapanga ng'ambo ya reli. Kamwambia mkewe, haya mawe tuyaache, mpangaji ajaye atajua mwenyewe. Leo nafungua bucha, nayaona hayo barabarani! Moja mbele, moja nyuma, kama bata. Yakasubiri lori lipite, ndiyo yakavuka. Sasa hivi yako mlangoni kwake huko."

"Yamemfuata?"

"Sasa wewe unafikiri jiwe lina habari na nyumba? Linamtaka mwenyewe."

Alianza kucheka tena, halafu akamwangalia Mpelelezi na kicheko kikaishia njiani, kwa sababu na yeye alikuwa amelikumbuka jiwe la kwa Mama Dobi. Akaokota panga, akalilaza, akaliokota.

"Msalimie mama," alisema, kwa sauti ya chini zaidi kuliko alivyozoea.

Mpelelezi alirudi taratibu. Kaka yake alikuwa miji mingi kutoka hapo, na jiwe halijawahi kumfuata hata mpaka stendi. Akakumbuka mama mdogo alipojifungua, akatuma watu mara mbili kumwita dada yake akalale naye. Mama alisema, nguo za watu zitalala na nani? Kwenye harusi alisema hivyohivyo. Kwenye msiba wa shangazi alikwenda na kurudi siku moja, miguu imevimba. Tangu mawe yaanze, mama yake hakuwahi kulala nje ya nyumba ile.

Alimkuta uani anaanika.

"Mama, fundi baiskeli kahama."

"Nimesikia."

"Mawe yamemfuata."

Mama Dobi alitoa kibanio mdomoni, akabana mguu wa suruali, akaubandua, akaigeuza suruali, akabana kiuno. "Suruali inashikwa kiunoni. Umenifanya hadi mimi nikosee sasa."

"Mama, lile jiwe ni lako."

"Ni langu."

Alisema hivyo kama mtu anayeonyeshwa kitambulisho chake. Akainama kwenye beseni, akachukua nguo nyingine, akaikung'uta.

"Yule kijana alikuwa na uzi," alisema. "Wa kijani. Kidoleni. Kaka yako alilipokea lile shati mimi nikiwa bombani, akamwambia ukija ukalikuta limekauka anua tu, usisumbue mtu. Mimi hakuniambia. Nikatoka ndani, namwona mtu simjui yuko kwenye kamba yangu. Nikapiga kelele. Wakaja. Ndiyo akanyanyua mkono. 'Mama, uzi. Uzi, mama.' Nikauona."

"Ukawaambia?"

"Niwaambie nini, mwanangu? Walikuwa wameshaanza. Bucha ananiangalia, fundi ananiangalia, mwalimu wa watu kaacha chakula chake mezani. Wote wamekuja kwa sauti yangu. Nikisema huyu si mwizi, basi wao ni nani? Na mimi niliyewaita ni nani?" Akaanika nguo, akainyoosha pindo kwa kiganja. "Nikaokota."

"Na kaka?"

"Kaka yako alitokea mimi nimelishika mkononi. Akaangalia kidole cha yule mtoto, akaniangalia mimi. Akageuka akaondoka. Mpaka leo hajamwambia mtu."

Mpelelezi alimtafutia mama yake mahali ndani ya duara la mhadhiri. Hapakuwa na mahali. Mama yake hakuwa na makundi mabaya. Alikuwa na wateja.

"Nilikusomea ile ya kaka," alisema. "Ukasema nimeandika vizuri."

"Uliandika vizuri."

"Mama!"

"Kama utaniandika na mimi, usiweke jina. Hata yeye hukumweka."

Halafu akaingia ndani, akarudi na shati jeupe lililokunjwa. Lilikuwa limepigwa pasi mara nyingi hadi mikunjo imekuwa kama ya karatasi. Akageuza kola, uzi wa kijani ukaonekana. Hakulionyesha kwa muda mrefu. Alitaka tu kulipunga hewa kidogo, alisema, lisije likaota ukungu, maana mteja anaweza kuwa na ndugu.

Mchana wateja walikuja kama siku zote. Walinyoosha vidole, nyuzi zikalinganishwa na kola, hakuna nguo iliyokosewa. Mwalimu mstaafu alimwuliza Mpelelezi masomo yanaendaje, akasema nchi inahitaji watu wa kupambana na wezi. Sajenti alipita kuchukua sare zake, akakaribishwa kiti. Bucha hakuja, lakini alituma nyama ya supu, na Mama Dobi akapokea akasema ashukuriwe.

Walipoondoka, Mpelelezi alikaa sakafuni kando ya beseni, jiwe likimpasha joto ubavuni. Akaandika ujumbe mrefu wenye kueleza kila kitu, akaufuta. Akaandika mwingine wenye neno "utafiti", akaufuta huo upesi zaidi. Mwishoni akaandika: "Kaka, jiwe si lako. Nimejua. Nisamehe, rudi nyumbani."

Akatuma. Alama mbili zikatokea, baadaye kidogo zikawa za buluu: kaka ameusoma.

Mama yake aliingia na maji, akalisogeza jiwe kwa kisigino ili apate nafasi ya kusuuza. Lilisogea bila shida, lilishajua anapotaka kupita.

"Kajibu?" aliuliza, bila kuuliza nani.

"Bado."

"Basi niletee vibanio."

Akampelekea. Waliendelea kuanika mpaka kamba ikajaa, na simu ilikuwa juu ya meza ya pasi, uso juu, haijalia.