Godoro Zahanati

Haya alinisimulia mkwe wangu, ambaye ni nesi, jana tukichambua maharage.

Mama mmoja mkimbizi, mwokaji mikate, alikuwa na kidonda mguuni mwaka wa pili. Kwenye makazi ya muda alikolala, wakimbizi walitolewa nje kila asubuhi, naye alizunguka mjini kutwa na godoro kichwani. Kidonda kitapona vipi? Daktari akamwonya kuwa kisipofunga, mguu utakatwa. Na kazi ya mwokaji ni kusimama.

Hatimaye akapata chumba, mkataba wa mwaka mzima. Wiki ileile akatokea zahanati, godoro kichwani, sufuria mkononi.

"Dada, unaumwa au unahama?" nesi akamuuliza.

"Naumwa."

"Chumba hakina mlango?"

"Kinao."

"Na kufuli?"

"Lipo."

"Sasa godoro limekuja kupima presha?"

Foleni nzima ikaangua kicheko, na mwenyewe akacheka mpaka akajishika mbavu. Mazoea yana taabu; hakuwa amewaza kwamba vitu vyaweza kubaki.

Tangu hapo alikuja mikono mitupu. Mchana alijilaza kwake, mguu juu ya mto, na hakuna wa kumwambia inuka. Miezi mitatu baadaye kidonda kikafunga.

"Nisimame sasa?" akauliza.

"Simama mpaka tukuchoke!"

Juzi alfajiri akaanza kazi kwenye tanuri la mikate. Saa sita mchana akaingia zahanati na mikate ya moto aliyoikanda mwenyewe, akajipigia vigelegele kabla hawajampigia. Kisha akaenda kwake, akaoga, akalala fofofo jua likiwa utosini.