Hewa Iliyogoma Kutoka Kwenye Rejeta

Usiku wa jana niliota nimeitwa kikaoni na rejeta ya gari langu mwenyewe. Mwaliko ulikuwa wa maandishi, umebandikwa kwenye kioo cha mbele: "Njoo na beseni. Usije na fundi wako."

Niseme kwanza hali ilivyokuwa. Naishi Mombo, chini kabisa ya milima. Nina pikapu iliyonizidi umri miaka miwili, na leo Jumamosi ilitakiwa impandishe mama mkwe wangu hadi Soni, kwenye harusi ya kitindamimba wake. Mara ya mwisho nilipompandisha, ilichemka kwenye kona ya nne, akamalizia mlima kwa miguu. Mimi, ili kulinda heshima ya gari, nikaenda kuwaambia watu kijiweni kwamba limechemka kwa sababu ya uzito wa mama mkwe. Maneno yana miguu, yakamfikia. Miezi kumi na moja sasa hajanisemesha. Tukiwa mezani akitaka chumvi huwa anamwomba paka.

Jana alifika, akalala chumba cha wageni. Mke wangu Hidaya alinionya mapema: "Likichemka tena, Baba Shufaa, Mama akishuka na mimi nashuka. Na huku chini sirudi." Hidaya hana kawaida ya kutania kuhusu mama yake.

Basi ndotoni ni saa sita mchana, nipo uani, nafungua boneti. Kifuniko cha rejeta kimevaa baraghashia na kimenuna.

"Usinifungue nikiwa na moto," kinasema.

"Moto wa nini? Gari limelala tangu juzi."

"Nina hasira."

Sheria hiyo naijua, na mafundi walioipuuza unawajua kwa makovu ya mikono. Nachukua kipepeo cha ukili, nakaa juu ya ndoo, nakipepea. Nakipa pole za miaka tisa tangu ninunue gari, mwaka mmoja mmoja. Kufikia mwaka wa sita kinasinzia, nakizungusha polepole, kinatoka bila kuamka.

Nafungua koki ya chini. Maji hayamwagiki, yanatoka kwa foleni, yakijitambulisha kabla ya kuingia kwenye beseni.

"Maji ya bomba, Mombo."

"Maji ya mtaroni, Korogwe. Ulisema ni ya dharura."

"Mimi ni chai ya rangi. Ulinimimina Hale, ukaapa kwamba sukari yangu ni kidogo."

Nyuma yao unatambaa ute wa mayai sita. "Tuliitwa kuziba tundu," unasema kwa uchovu. "Tundu liliisha. Hakuna aliyekuja kutuambia turudi nyumbani."

Nauomba radhi. Ningekuwa na pa kujificha ningejificha, lakini uani kwangu hakuna hata mpapai.

Sasa kutoka kwenye kopo la misumari anainuka mzee mfupi wa shaba, amevaa koti la ulinzi. Namtambua. Ni thamostati ya injini yangu. Fundi Mbelwa aliing'oa mwaka ule niliponunua gari, akaniambia nchi hii ni ya joto, kidude hicho ni cha Wazungu wenye baridi yao. Nilimsifu kwa akili.

"Nilikuwa bawabu," anasema mzee. "Maji yakiwa baridi nafunga mlango. Yakipata moto nafungua, yaende yakapoe. Wewe na Mbelwa mkang'oa mlango."

"Mafundi wote wanang'oa, mzee wangu."

"Ndiyo maana kona ya nne haina pa kuegesha, imejaa magari yaliyochemka. Maji yakikosa bawabu yanapita rejeta mbio kama wanafunzi waliosikia kengele. Yatapoa saa ngapi?"

Anadai arudishwe kazini kwa barua, na apewe gasketi mpya. Barua naiandika juu ya gasketi, nabana matumizi. Anaisoma mara mbili, anapiga saluti, anaingia kwenye injini na kufunga mlango.

Boneti inageuka uwanja wa mpira. Kwenye jukwaa moja yamekaa madumu ya kulanti nyekundu, ile dawa ya kupoozea injini, kwenye jukwaa la pili madumu ya kulanti ya kijani. Katikati askari wamejipanga.

"Usituchanganye," linafoka dumu jekundu. "Tukikaa pamoja tunakuwa uji."

"Na uji wenyewe haunyweki," linadakia la kijani. Uwanja mzima unapiga makofi, kwa kuwa hawajawahi kukubaliana jambo kabla ya leo.

Mimi ni mtu wa wekundu tangu tumboni. Mama mkwe ni wa kijani, na siku wakifungwa hapiki. Nasimama pale katikati, moyo unaniuma kwelikweli, naita dumu la kijani. Upande wangu wananizomea mpaka kaka yangu, ambaye hata ndotoni sikumwalika.

"Nusu mimi, nusu maji safi," linanielekeza dumu likijimimina. "Nikijazwa peke yangu naringa, kazi siifanyi."

Nawasha injini, kifuniko kikiwa wazi, hewa iliyobaki itoke. Mapovu yanapanda moja moja, yananipa mkono, yanaaga. Nayasindikiza hadi getini. La mwisho halitoki. Nabana mipira ya rejeta, napiga ngumi, natukana kidogo.

"Acha ushamba," bawabu anafoka kutoka ndani. "Hewa ni mgeni. Haifukuzwi, inasindikizwa. Ingia umfuate."

Napiga hodi, naingia kwa mdomo wa rejeta, natokea sebuleni kwa mama mkwe, Soni. Vitambaa vya kufuma vipo juu ya makochi kama kawaida. Kwenye kochi kubwa limekaa povu nene, linakunywa kahawa.

"Twende, mgeni wetu," nasema. "Ukibaki humu, gari litachemka."

"Nimekaa humu tangu kona ya nne," linajibu. "Siku ile ulitakiwa useme neno, ukalimeza. Neno hilo ndilo mimi. Liseme nitoke."

"Ilikuwa bahati mbaya."

Povu linajimiminia kahawa nyingine.

"Barabara ile ni mbovu."

Linavua viatu.

"Kosa ni la Fundi Mbelwa."

Linanyoosha miguu juu ya kochi na kuomba mto.

Aibu inanishika, aibu ya kweli, ile inayoanzia masikioni. Namkumbuka Mama akipanda mlima na kiroba chake cha mchele kichwani, mimi nimeegemea bampa nikipepea injini. Napiga magoti kwenye mkeka wake.

"Mama, gari hukulichemsha wewe. Nililichemsha mimi, kwa maji ya mtaroni na kwa uvivu wangu. Halafu nikakutukana kijiweni ili nichekwe kidogo. Nisamehe, Mama."

Povu linaweka kikombe chini, linavaa viatu. "Basi nisindikize."

Namsindikiza kona kwa kona, mimi peku, mpaka Mombo njia panda. Tunaongea habari za mvua. Nikirudi, maji ya rejeta yameshuka inchi mbili. Naongeza, nafunga kifuniko, kinakoroma.

Nikaamka, jua limeshatoka. Nikaenda jikoni. Mama alikuwa anakunywa chai, amevaa tayari, paka yuko miguuni pake.

"Shikamoo, Mama," nikasema, kama ninavyousalimu ukuta miezi yote hii.

Akamsogeza paka kwa mguu.

"Marahaba, Baba Shufaa."

Nikamsogezea sukari.

"Yule mgeni wako mnene amepita dirishani kwangu alfajiri kuaga," akasema. "Ameniachia maneno yako yote, neno kwa neno. Nimeyapokea."

Akamaliza chai, akainuka, akajifunga kitenge vizuri kiunoni.

"Washa gari. Nakaa mbele."